Jembe, upanga na pete: Rune Factory ipi inawafaa wawili?

Mwezi huu tunaingia shambani, ila shamba lenyewe liko kwenye skrini. Ndiyo, nazungumzia gemu! Na wewe dada unayeguna kwamba hayo ni mambo ya watoto, subiri kidogo, maana yanakuhusu.

Rune Factory ni mfululizo wa gemu kutoka Japani ulioanza mwaka 2006 kwenye Nintendo DS. Ulizaliwa kama mtoto wa Harvest Moon, ile gemu maarufu ya kilimo, ila mtoto huyu alitoka na upanga mkononi. Asubuhi unalima na kumwagilia, mchana unaingia mapangoni kupambana na mazimwi, jioni unapita mjini kumsalimia yule unayemzimia. Zimwi ukilipenda unalifuga, nalo linakusaidia kazi za shamba.

Sasa twende moja moja. Ya kwanza inakupa Raguna, kijana aliyepoteza kumbukumbu. Mwanaume tu, basi. Ya pili (2008) ina jambo tamu: ukioa, hadithi haiishi, mtoto wako anakuja kuiendeleza. Ya tatu (2009) imeiweka ndoa ndani ya hadithi kuu. Ukitaka kufika mwisho, huikwepi.

Mwaka 2012 ikaja ya nne kwenye Nintendo 3DS, na hapo kina dada wakapumua: unachagua kuwa Lest wa kiume au Frey wa kike. Studio ya Neverland iliyoitengeneza ilifungwa mwaka 2013, lakini gemu ikarudi Japani mwaka 2019 kwa jina la Rune Factory 4 Special kwenye Switch, ikiwa na sehemu mpya ya vijihadithi vya wanandoa wapya. Ya tano (2021) ina ulimwengu mpana zaidi, ila wengi waliilalamikia kwa kukwamakwama. Guardians of Azuma (2025) inakupa vijiji vya kujenga, na wanakijiji unawapangia kazi.

Kura yangu? Ya nne, toleo la Special. Sababu ni moja: inakumbuka kwamba baada ya keki kukatwa, bado watu wawili wanaishi pamoja. Wangapi wetu tunaichukulia harusi kama mwisho wa mchezo?

Halafu kuna hili. Gemu hizi zina kitu kinaitwa RP, yaani akiba yako ya nguvu. Kila ukipiga jembe au upanga, inapungua. Ikiisha na bado unang'ang'ania, unaanza kula uhai wako mwenyewe. Lakini kusimama na kuongea na mwenzio hakupunguzi hata pointi moja! Ukichelewa huko mapangoni, unarudi mjini watu wameshalala.

Jamani, si ndiyo sisi hawa? Kazini mpaka giza, foleni ndefu, unafika nyumbani mwenzio kageukia ukutani. Ukiulizwa, "natafuta kwa ajili yetu." Ni kweli unatafuta. Ila hata kwenye gemu, ghala lililojaa mazao halimfanyi mtu akupende. Mapenzi yanapanda kwa salamu ya kila siku, na kwa zawadi anayoipenda yeye, siyo unayoipenda wewe.

Ya nne ni ya mchezaji mmoja, kwa hiyo gawaneni. Mmoja ashike padi, mwingine achague mbegu na zawadi. Siku ya kwenye gemu ikiisha, mnabadilishana. Mtabishana kweli kuhusu nani aolewe na nani. Hakuna neno, bishaneni. Angalau mtakuwa mnaongea.

Tukutane mwezi ujao!