Bodaboda wa Mtawanya ni wangapi?
Kijana wa kata ya Mtawanya, wilayani Kibiti, ameitwa kwenye usaili Dar es Salaam. Anaulizwa: kwenu kuna madereva wangapi wa bodaboda? Akijibu “sijui” amekwisha. Akirusha namba tu, amekwisha vilevile. Anayeuliza naye hana jibu mfukoni, anataka kuona njia. Basi adhani, tena atamke kwamba anadhani: tuseme kata ina watu 12,000, na mmoja kati ya sita hupanda bodaboda kila siku. Hizo ni safari 2,000. Dereva akipata safari 16, hesabu inadai madereva 125. Hapo wengi hunyamaza, kumbe ndipo kazi inapoanza. Aingilie mlango wa pili: ahesabu vijiwe anavyovijua, cha sokoni, cha zahanati, vya njia panda. Vikiwa vinane vya watu kumikumi, 80 na 125 zinakaribiana. Akipata watu 15 tu, kuna dhana imeoza, aitafute. (Akikumbuka kwamba msimu wa korosho safari huongezeka, mimi ningempa kazi palepale.) Kukadiria hivi si mchezo wa usaili tu: mwanafizikia Enrico Fermi, Julai 16, 1945, aliangusha vipande vya karatasi wakati wimbi la mlipuko wa bomu la kwanza la nyuklia likimpitia, akapima vilivyosogea, akakadiria nguvu sawa na tani 10,000 za baruti ya TNT. Vipimo vya baadaye vilionyesha kama maradufu. Kwa vikaratasi, si haba.