NJIA YA WANYAMA NA HAKI YA MKULIMA

Watu wa Busisi hawana haja ya kufundishwa adha ya kukatwa na ng'ambo ya pili. Miaka mingi walingoja kivuko cha Kigongo, na mgonjwa mahututi alingoja pamoja nao, hata lilipofunguliwa daraja la kilometa 3 mwezi Juni 2025. Basi mnyama naye ana ng'ambo yake.

Huko Nyatwali, wilayani Bunda, Hifadhi ya Serengeti inalikaribia ziwa katika Ghuba ya Speke, lakini katikati yamekuwapo mashamba na nyumba, na barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Ndani ya hifadhi ni Mto Mara peke yake usiokauka. Ndiyo sababu Serikali iliamua kuwahamisha wakazi wa kata hiyo, ili pawe na ushoroba, yaani njia ya wanyama, hadi majini.

Haja hiyo hatuibishi. Tembo aliyezibiwa njia hupita shambani, na hasara humwangukia mkulima. Lakini sheria za ardhi za mwaka 1999 zataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Na neno hilo la tatu ni jepesi mno kusahauliwa ofisini. Mvuvi ahamaye haachi kibanda tu: huacha mwalo, wateja wa dagaa na kaburi la baba yake. Wakazi walikilalamikia kiwango cha fidia, nasi hatuoni ajabu.

Tathmini ya mwaka 2022 iliorodhesha shoroba 61 nchini. Huko kwingine wanakijiji waitwe kabla ramani haijachorwa, si baada ya vigingi kusimikwa.