Mafungo ya peke yako ng'ambo

Vijana wapendwa, baadhi yenu wa Kasongo na Kabambare mnatamani kwenda peke yenu Kibeho, nchini Rwanda, kupumzisha mwili na roho. Nia hiyo siipingi. Huko wasichana watatu wa shule walitokewa na Bikira Maria, kuanzia tarehe 28 Novemba 1981. Askofu wa Gikongoro aliyatambua maono hayo mwaka 2001.

Lakini hesabuni kwanza nauli, pasi, siku za njiani, na chakula cha waliobaki nyumbani. Anayeuza mbegu za mpunga za mama yake ili apate utulivu ugenini, anajipumzisha kwa njaa ya mwingine. Wazazi na padri wajue siku ya kurudi.

Asiye na nauli aanze hapa: siku tatu, alfajiri kanisani kabla ya shamba. Simu ibaki kwa jirani.