Kaske za bei nafuu: mito ikichakaa, habari hazisikiki vizuri

Mashariki mwa Congo, kaske ya masikio si kitu cha vijana wapenda muziki peke yao. Katika familia nyingi zilizohama makwao, ndiyo njia ya kusikiliza habari usiku bila kumsumbua jirani aliyelala upande wa pili wa turubai. Isitoshe, simu nyingi zenye redio ya FM hutumia waya wa kaske kama antena. Ukichomoa waya, Radio Okapi au redio ya mtaani inabaki kukwaruza tu. Mzazi anayengoja kujua kama barabara ya kwenda kijijini kwao imefunguliwa anahitaji kulisikia jina la kijiji hicho sawasawa, si kulikisia.

Sauti ikiharibika, wengi hulaumu redio, simu au aliyewauzia. Ni wachache wanaoitazama ile mito laini inayogusa sikio. Wengi huiona kama pambo, au kitu cha kuzuia maumivu tu. Hapo ndipo wanapokosea: mto ni sehemu ya chombo chenyewe.

Jambo lenyewe ni rahisi kulielewa. Spika ndogo ndani ya kaske inasukuma hewa kuelekea sikioni. Mto ukiziba vizuri, hewa hiyo haina pa kutorokea na sauti nzito inafika. Mto ukipasuka au ukilala, hewa inatoka pembeni, na sauti nzito ndiyo inayotangulia kupotea. Mtangazaji anaanza kusikika kama anayesemea ndani ya kopo. Kupitia ufa uleule, makelele ya nje yanaingia: mvua juu ya mabati, jenereta, watoto wanaocheza. Maneno yanamezwa, na msikilizaji anapandisha sauti.

Kupandisha sauti hakurudishi kilichopotea, ila kunaliumiza sikio. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza kwa kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo unakatika nusu: kwa desibeli 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10. Usikivu ulioharibika kwa namna hii haurudi. Familia iliyokwisha kupoteza shamba na nyumba haifai kupoteza na masikio kwa sababu ya kipande cha sponji.

Mito ya kaske za bei nafuu huchakaa haraka. Ngozi ya bandia hula jasho na unyevu, ikaanza kubanduka vipande vipande. Sponji ya ndani inalala, sikio linasogea karibu na spika, sauti inabadilika na sikio linaanza kuuma. Miwani, kitambaa cha kichwani na nywele zilizosukwa nazo zinaweza kuacha nafasi ya hewa kutoka, hata kama mto ni mpya.

Wako wanaosema kaske ya bei nafuu ni ya kutumia na kutupa. Neno hilo ni jepesi kwa mwenye mshahara, si kwa anayehesabu franka za unga. Ni kweli kwamba mto mpya hautengenezi waya uliokatika wala spika iliyopasuka. Lakini kuna njia ya kupima bila kulipa chochote: mtu avae kaske, asikilize sauti ya mtangazaji, kisha abonyeze pande zote mbili taratibu kwa viganja. Sauti ikinenepa, ubovu uko kwenye mito. Isipobadilika, asipoteze pesa kwa mito, atafute fundi.

Anayenunua mito apime kwanza upana wa kaske yake kwa rula. Mto mnene kupita kiasi unaweka sikio mbali na spika, na sauti inaweza kuwa mbaya kuliko mwanzo. Ngozi ya bandia inashika vizuri sauti nzito lakini inaleta joto. Kitambaa kinapitisha hewa na hakichoshi, ila sauti nzito inapungua kidogo. Kwa anayesikiliza habari, vyote viwili vinafaa, mradi mto ukae sawasawa kuzunguka sikio.

Wanaojishonea kwa sponji ya godoro la zamani wanastahili sifa. Waukate mto kama pete, katikati pabaki wazi. Kitambaa kizito kikipita mbele ya spika, sauti kali zinazotenganisha «s» na «f» zinafifia, na ndizo zinazofanya maneno yaeleweke. Gundi isiguse spika.

Kaske inayotumiwa na familia nzima ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, bila kumwagia maji ndani. Anayetokwa na usaha sikioni asiichangie na wengine, na aende kwenye kituo cha afya. Tena, mto unaoziba vizuri unazuia pia sauti za hatari: anayetembea barabarani avue kaske, na usiku penye wasiwasi sikio moja libaki wazi.

Wauzaji wa vifaa vya simu wangefanya vizuri kuleta mito ya akiba, si kaske mpya tu. Mashirika yanayowagawia waliohama redio na simu yangekumbuka pia kwamba kifaa kisichosikika vizuri hakijafikisha habari. Na wanunuzi wana haki ya kuijaribu kaske kabla ya kulipa, waangalie mito kwanza, rangi baadaye.