Mwalimu wa Wadogo na Avae ya Kazi

Kila mwanzo wa muhula, hapa kwetu Pwani huzuka maneno juu ya mavazi ya walimu, hasa walimu wa kike wanaofundisha madarasa ya chini. Mzazi mmoja husema mwalimu wa mwanawe huja shuleni kama aendaye harusini. Mwingine husema wa kwake huja kama aendaye shamba. Baadhi ya wakuu wa shule nao hutoa amri zao: viatu vya kisigino na suti kwa wanawake, tai kwa wanaume. Katika maneno yote hayo sijasikia hata mtu mmoja akiuliza swali ninaloliona kuwa ndilo la kwanza: mwalimu huyo anakwenda kufanya kazi gani?

Mimi ni mwalimu wa gredi ya kwanza, na kabla ya hapo nilifundisha watoto wa chekechea kwa miaka mingi. Rai yangu ni kwamba nguo ya mwalimu wa watoto wadogo yafaa ipimwe kwa mambo mawili, nayo ni stara na kazi. Ikiwa yasitiri lakini yamzuia kuinama, haikufaa. Ikiwa yamwacha ainame lakini yamvunjia stara, haikufaa vilevile. Na shule inayomlazimisha mwalimu wa wadogo kuvaa mavazi ya ofisini yampunguzia mtoto elimu yake, ijapokuwa shule yenyewe haijui.

Nieleze sababu. Mtoto wa miaka sita hafahamu hesabu kwa kuambiwa, wala hafahamu herufi kwa kuitazama ubaoni tu. Hufahamu kwa kushika. Katika darasa langu watoto huanza asubuhi kwa kuandika herufi kwa kidole katika sinia lenye mchanga. Akikosea hulitikisa sinia, mchanga ukasawazika, akaanza upya bila ya kufuta wala kuchana karatasi. Baadaye twapima. Nina makopo mawili. Dogo nimeliita kibaba na kubwa nimeliita pishi. Watoto humimina mchanga mpaka wao wenyewe wavumbue kwamba vibaba vinne hujaza pishi moja. Siwaambii mimi. Kisha twatoka uwanjani kuchimba bao, safu nne, kila safu mashimo manane, jumla yake mashimo 32. Tukitia komwe mbili mbili katika kila shimo, zatimia 64. Mtoto aliyeyachimba mashimo yale kwa mkono wake, siku atakapoikuta hesabu ya kuzidisha katika madarasa ya mbele, haitakuwa ngeni kwake.

Iko pia leso, ambayo kila nyumba ya Pwani inayo. Leso moja yatosha masomo ya wiki nzima. Ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, na ina jina. Watoto huipima kwa shubiri, wakaona upande mmoja ni mrefu kuliko wa pili. Tukiikunja mara moja tumepata nusu, mara ya pili robo, mara ya tatu thumuni, na hapo mtoto huona kwa macho yake kwa nini thumuni ni moja ya nane. Jina la leso nalo huandikwa kwa herufi kubwa zilizo wazi, jambo linalomfaa sana anayeanza kusoma. La muhimu ni mwalimu achague jina kabla ya kuileta darasani, maana wasomaji mwajua kuwa leso nyingine ziliandikwa kwa ajili ya jirani, hazikuandikwa kwa ajili ya watoto.

Sasa tazameni: kazi zote hizo hufanywa chini. Zafanywa mkekani, mchangani, au kwenye meza zisizofika kiuno cha mtu mzima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka kilichomo katika akili ya mtoto mdogo sharti aketi naye. Mwalimu aliyevaa sketi ya kubana na viatu vya kisigino hawezi kuketi mkekani akainuka mara ishirini kwa siku. Atafanyaje? Atasimama mbele, atashika chaki, na watoto sitini wataitikia kwa sauti moja yale ambayo nusu yao hawayafahamu. Mwalimu huyo si mvivu. Nguo aliyoamriwa kuvaa ndiyo iliyomsimamisha pale.

Mkuu mmoja wa shule niliyefanya kazi chini yake aliwahi kunikataza kuketi chini na watoto, akisema wageni wakija watadhani shule haina viti. Sikumlaumu kwa kuijali shule yake. Nilichoona ni kwamba aliwafikiria wageni, ambao huja mara moja kwa mwaka, kabla ya watoto wanaokuja kila siku.

Na wako watakaosema kwamba mambo haya ya kuchezea mchanga na makopo ni ya kizungu, yameletwa na mtaala wa umilisi ulioanza kutumika katika madarasa ya chini mwaka 2019. Sikubaliani nao. Wazee wetu waliosoma vyuoni, Lamu, Mombasa na kwingineko, walijifunza herufi kwa kuandika juu ya vibao vya mti kwa kalamu ya mwanzi na wino, kisha wakaviosha na kuandika tena. Mkono ulifundishwa pamoja na ulimi. Msichana aliyesuka ukili kando ya bibi yake alihesabu miyaa kabla ya kuijua kalamu. Ni kweli kwamba huko Roma, mwaka 1907, daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto ambamo walijifunza kwa kushika vitu na kukalia viti vya kimo chao, na dunia ikafuata mfano wake. Lakini jambo lenyewe lilikuwa likijulikana vibarazani mwetu.

Wala hatuna haja ya kwenda Roma kutafuta ushahidi. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa Pwani walitaka watoto wao wapate msingi mwema wa kuingilia shule, bila ya kupoteza dini yao wala lugha yao. Kwa msaada wa Aga Khan Foundation, kazi hiyo ikaanzishwa hapa Mombasa, na mwalimu Bi Swafiya Said akawa mwenye kuiongoza. Shule za chekechea ziliunganishwa na madrasa. Wanawake wa mitaa hiyo hiyo walifunzwa ualimu, na vifaa vilitengenezwa kwa vile vilivyopatikana karibu nasi. Mwaka 1990 mpango huo ulifika Zanzibar, na mwaka 1993 ukafika Uganda. Basi anayesema kwamba mwanamke wa Kiislamu hawezi kufundisha kwa mikono na huku akahifadhi stara yake, jibu lake liko hapa hapa nyumbani.

Nije sasa kwenye nguo zenyewe, maana nasaha isiyoweza kutumika haina faida. Nivaavyo mimi ni hivi. Buibui langu la kutokea hulitundika nikifika. Ndani yake huwa nimevaa gauni refu la pamba, pana, lenye mikono inayobana kifundoni, na suruali chini yake ili niweze kuchutama bila ya wasiwasi. Pamba ni bora kwa sababu nailoni wakati wa kaskazi ni adhabu. Ushungi wangu ni wa kushonwa, hauna pini. Pini ikianguka mkekani, wa kwanza kuiona ni mtoto, na mtoto kila aonacho hukitia kinywani. Mtandio unaoning'inia nao huzama katika kopo la rangi, au huvutwa na mtoto anayetaka kusikilizwa. Viatu vyangu ni bapa, vya kuvua upesi. Juu ya yote hayo hufunga aproni yenye mifuko miwili mikubwa, mmoja wa chaki na mmoja wa vile ninavyowanyang'anya watoto. Kwa walimu wanaume nasema hivi: shati la mikono mifupi na suruali isiyobana vyatosha. Tai nayo ni kama mtandio, makao yake ya mwisho ni kopo la rangi.

Liko jambo moja ambalo wasiokuwa Waislamu huenda wasilifikirie, nalo lamhusu kila mwalimu anayeswali adhuhuri shuleni. Udongo na mchanga si najisi. Kwa udongo ndiyo twatayamamu tukikosa maji. Kwa hiyo vumbi la uwanjani lisimtie mwalimu hofu juu ya nguo yake ya kuswalia. Linalotaka hadhari ni rangi ya mafuta na gundi za dukani, maana hizo hukaa juu ya ngozi zikazuia maji ya udhu yasiifikie. Kwa ajili hiyo mimi hutumia rangi za maji, makaa, na manjano ya jikoni. Gundi huipika mwenyewe kwa unga wa ngano, na yatoka kwa maji na sabuni. Ni rahisi zaidi, na mtoto akiilamba haimdhuru.

Najua pingamizi kubwa ni juu ya heshima. Wataniambia kwamba mwalimu akionekana na mchanga magotini, wazazi watamdharau, na Tume ya Kuwaajiri Walimu yataka walimu wavae kwa adabu. Nakubali kwamba mwalimu avae kwa adabu. Nguo safi, iliyopigwa pasi, isiyobana wala isiyoonyesha, ni wajibu, na mimi sitetei uchafu. Lakini adabu na ghali si kitu kimoja. Sisi Waislamu twasimuliwa na Bi Aisha (R.A.) kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akishona viatu vyake na kutengeneza nguo zake kwa mkono wake mwenyewe. Ikiwa kazi ya mikono haikumpunguzia yeye daraja, itampunguzia nani? Daktari huvaa koti lake jeupe, na fundi wa magari huvaa ovaroli, wala hakuna anayewadharau. Twaijua kazi yao kwa nguo zao. Mwalimu wa wadogo naye aproni yake ndiyo koti lake.

Liko na suala la fedha. Mwalimu anayeambiwa abadilishe suti kila siku huzinunua kwa mshahara wake, na mara nyingi kwa mkopo. Na mzazi, tangu mtaala huu uanze, amekuwa akilalamika kwamba kila jioni mtoto huja na orodha: karatasi za manila, rangi, picha za kuchapishwa saiba. Malalamiko hayo ni ya haki. Twakumbuka kwamba mfumo wa 8-4-4, ulipoanza mwaka 1985, nao ulikuja na kazi za mikono. Shule nyingi hazikuwa na vifaa, wazazi wakaelemewa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo yale yakapunguzwa. Tukiendelea kudhani kwamba kazi za mikono ni vitu vya kununuliwa, huenda haya nayo yakafika mwisho kama ule. Pwani ina makombe, vifuu, makumbi, miyaa, mchanga na vifuniko vya soda. Hivyo havina bei. Vyataka mwalimu aliye tayari kuviokota, akiwa na nguo ya kuviokotea.

Kwa hiyo natoa ombi kwa watu watatu. Wakuu wa shule, ondoeni amri ya visigino na tai kwa walimu wa madarasa ya chini, na muwape kila mmoja aproni mbili, moja ya kuvaa na moja ya kufuliwa. Gharama yake haifiki ya pazia la ofisi. Walimu wenzangu, msione haya kuketi chini, na msimtume mtoto dukani kwa kitu kilichoko uwanjani. Na nyinyi wazazi, hasa akina mama mnaofua sare, naujua uchovu wenu. Lakini mtoto akirudi na shati lenye vumbi, kabla ya kumkaripia, muulizeni leo amefanya nini. Akiweza kukueleza kwamba vibaba vinne hufanya pishi, na akakuonyesha kwa kikombe cha jikoni, basi sabuni yako haikupotea.

Hayo ndiyo yangu. Mwenye lake aliloliona darasani au nyumbani na alete, tupate kusikilizana.