Arosto Kuisha si Kupona

Familia iliyochoshwa na kijana anayekula unga haikosi mjomba wa kuishauri: mfungieni chumbani wiki mbili, arosto imtoke, atakuwa mtu. Shauri hilo hutolewa kwa mapenzi, na huua.

Arosto ina mwisho wake. Kutapika, kuharisha na mifupa kuuma hufika kilele siku ya pili au ya tatu, na baada ya wiki moja hivi mateso makali huwa yamepita. Mlango ukifunguliwa kijana anakula, anacheka, mama anachinja kuku. Lakini hamu bado ipo palepale. Miaka ya 1940, katika hospitali ya serikali ya Lexington, Kentucky, daktari Abraham Wikler aliona jambo la ajabu: waraibu waliokwishaacha muda mrefu, wakianza tu kuzungumzia dawa za kulevya, walipiga miayo, wakatokwa na machozi na makamasi, kama walioanza arosto siku hiyo. Maneno matupu yaliwafanya hivyo. Sasa kijana wetu tunamrudisha maskani ileile, penye pusha yuleyule, halafu akianguka tunasema hana msimamo!

Akirudia, mwili umeshapoteza uwezo wa kuhimili, na kipimo alichokizoea zamani chaweza kumzimisha pumzi. Mtafiti John Strang na wenzake walilichapisha hilo mwaka 2003 baada ya kufuatilia wagonjwa London: wote watatu waliokufa kwa kuzidisha dozi ndani ya miezi minne walitoka miongoni mwa waliomaliza kusafishwa mwili.

Methadoni, dawa ya kutibu uraibu huu, nayo inatukanwa kuwa ni kubadilisha unga kwa unga. Heroini, yaani unga wenyewe, huisha nguvu baada ya saa chache, ndiyo maana teja hashindi nyumbani. Methadoni, ambayo madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander waliijaribu New York mwaka 1964 na hospitali ya Muhimbili ikaanza kuitoa 2011, hunywewa mara moja kwa siku. Dozi ikiwa sawa, mtu hapandi wala hateseki. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa 2017 ulikuta vifo 11.3 kwa mwaka katika kila watu 1,000 walio kwenye methadoni, na 36.1 kwa walioiacha.

Mjomba akitaka kusaidia kweli, aache kununua kufuli. Dozi hunywewa kliniki mbele ya muuguzi, tena kila siku mwanzoni, na kliniki zenyewe ni chache. Atoe nauli.