Mtuulize Kwenye Dirisha la Dawa

Kwa Mawaziri wa Afya wa Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma,

Waheshimiwa,

Mimi ni mgonjwa wa sonona, ugonjwa ambao hapa kwetu, kati ya Kitale na Bungoma, huitwa "mawazo" tu. Siku niliyopewa dawa ya amitriptilini mara ya kwanza, bahasha yake iliandikwa: kimoja, usiku. Hakuna aliyeniuliza kama nakunywa pombe.

Nilikuwa nakunywa. Jumamosi ya wiki hiyo kulikuwa na matanga, wazee wamekizunguka chungu cha busaa, kila mmoja na mrija wake. Anayekataa mrija huonekana amejitenga na wenzake. Nilikunywa, nikarudi nyumbani, nikameza kidonge. Mke wangu alinitikisa hadi jua la utosi ndipo nikafumbua macho.

Tangu hapo nikawa naruka dawa kila siku ya kunywa. Baadaye sana daktari alinieleza kwamba hilo nalo ni kosa. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na kuzikatiza huweza kuirudisha sonona. Pombe yenyewe huzidisha huzuni. Ikikutana na kidonge kama changu, usingizi huwa mzito kupita kiasi, hata pumzi huweza kufifia. Na chang'aa ya vichochoroni haina kipimo, mnywaji hajui amemeza nguvu kiasi gani. Tena, aliyezoea kunywa sana kila siku hafai kuambiwa tu "acha", maana akiacha ghafla anaweza kupatwa na degedege. Huyo anahitaji kusimamiwa na mhudumu wa afya.

Waheshimiwa, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lilikabidhi kaunti huduma za afya na pia leseni za vileo. Serikali inayompa mwenye baa kibali ndiyo inayompa mgonjwa kidonge. Mnazijua pande zote mbili.

Kwa hiyo naomba: kila anayepewa dawa ya sonona aulizwe kuhusu pombe, faraghani, bila kukemewa. Onyo liandikwe kwenye bahasha kwa Kiswahili na Kibukusu. Wahamasishaji wa afya ya jamii wafundishwe jambo hili, kwa kuwa wao ndio wanaoingia majumbani mwetu.

Swali hilo la pombe halihitaji mashine wala jengo jipya. Mimi ningeulizwa siku ile, ningesema kweli.

Wenu,
Mkazi wa Kiminini